X-Trail au Probox: gari gani lipate matairi ya matope kabla ya masika?

Mkaazi_Kisauni

Asalaam aleikum jamaa. Naomba ushauri wa wanaojua matairi.

Nyumbani tuna magari mawili. La kwanza ni Nissan X-Trail T31, fowili, giaboksi ya CVT, limetoka bandarini juzijuzi. Limekuja na matairi ya Kijapani 225/60R17 99Q, ubavuni yameandikwa STUDLESS (yaani ya theluji), meno bado marefu. La pili ni Probox la petroli, injini ya 1500, linavuta mbele, rimu 13, na matairi yake yamekaribia kuisha. X-Trail huzunguka mjini, Probox ndilo la mizigo.

Njia yenyewe ni ya Ganze kwa wazazi. Mpaka Kilifi ni lami tupu, lakini tukishaiacha lami kuna kilomita 14 za udongo: sehemu ni kichanga, sehemu ni ule udongo mzito wa kunata, na kuna mteremko mmoja kabla ya kijito. Mama ana kliniki kila mwezi, kwa hiyo Mei mvua ikipiga hatuwezi kukaa tukingoja njia ikauke. Pesa iliyopo ni ya seti moja tu.

Gari gani lipate matairi mapya? X-Trail lina haja gani nayo na ni fowili, au matairi mazuri yaende kwa Probox ambalo ndilo dhaifu? Na haya ya theluji, kwa jinsi yalivyo na meno mengi, hayatoshi kwa matope?

FundiMatairi_Makupa

Wa aleikum salaam. Nianze na swali lako la mwisho maana ndilo la hatari. Hayo ya theluji yatoe, na usingoje masika.

Tairi la theluji limetengenezwa kwa raba iliyokusudiwa kubaki laini kwenye baridi. Kwa kawaida hupendekezwa joto likiwa nyuzi 7 kushuka chini. Mombasa hata usiku wa Julai hatufiki karibu na hapo, na lami ya saa nane mchana ni moto kuliko hewa yenyewe. Kwenye joto hilo raba inalegea kupita kiasi. Ukifunga breki meno yanapinda na gari linachelewa kusimama, ukikata kona linayumba, na meno unayoyaona marefu leo yanaliwa upesi. Lami ikilowa ndiyo mbaya zaidi, na mvua ya hapa hulowesha lami ya moto.

Tazama jino moja kwa karibu. Utaona limechanjwa chanjo nyembamba za zigizaga, upana wa wembe. Kazi yake ni kuuma barafu na kunyonya utando wa maji ulio juu yake. Udongo wa kunata ukiingia humo hautoki. Nafasi kati ya jino na jino nayo ni ndogo, kwa hiyo baada ya mizunguko michache tairi zima limepakwa udongo, limekuwa laini kama chupa. Hapo fowili yako itazungusha chupa nne badala ya mbili.

Usichanganye alama za ubavuni. M+S inahusu sura ya meno tu, na matairi mengi ya AT, yale ya lami na udongo pamoja, yanayo. Ule mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani unaonyesha tairi lilipimwa kwenye theluji, na baadhi ya AT yanao pia. Neno STUDLESS ndilo linalomaliza ubishi. Hiyo 99 ni uzito, kilo 775 kwa tairi moja, na Q ni mwendo usiozidi kilomita 160 kwa saa.

Jambo jingine, ingawa hukuuliza. Gari likija na matairi hayo huenda lilitumika mikoa ya baridi, na huko humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu. Lipandishe jeki ulikague tumbo: mabomba ya breki, mikono ya magurudumu, mahali springi zinapokaa, viungo vya ekzosi. Kutu ya juujuu husuguliwa na kupakwa rangi. Kutu inayobanduka vipandevipande ukigonga kwa bisibisi ni kazi ya kufanya kabla ya kufikiria matope.

Dereva_Kaloleni

Kuhusu theluji nakubaliana na fundi. Ila seti mpya naona iende kwa Probox. Fowili tayari ina msaada wake, hata kwa matairi ya kawaida ya barabarani itajivuta. Probox ndilo litakalokwama, kwa hiyo ndilo litakalofaidika zaidi na tairi zuri. Tena si lazima manne. AT mawili mbele, kule linakovutia, pesa inayobaki ufanyie alainimenti.

Bint_Tudor

Hoja ya kumsaidia aliye dhaifu ina maana pale tatizo likiwa utelezi peke yake. Njia ya udongo wakati wa masika ina tatizo la pili ambalo tairi haliligusi, nalo ni mifereji. Malori na matrekta yakishapita, magurudumu yanachimba mifereji miwili na katikati panabaki tuta. Tumbo la gari likilalia tuta, magurudumu yananing'inia, na hapo hata ufunge tairi la trekta ni kazi bure.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, pima. Chukua futi na kijiti kilichonyooka, nenda sehemu mbaya kuliko zote siku ambayo ni kavu. Laza kijiti juu ya tuta, pima kutoka kijiti hadi chini ya mfereji. Kisha pima magari yote mawili yakiwa na watu na mzigo wa siku hiyo, usipime yakiwa matupu: kutoka sakafuni hadi kitu kilicho chini kabisa. Mbele angalia sampu ya oili na kinga yake, katikati bomba la ekzosi, na kwa X-Trail usisahau difu ya nyuma. Halafu toa angalau sentimita 4, kwa sababu mvua ikinyesha gurudumu linazama kidogo hata penye udongo mgumu. Kinachobaki kikiwa pungufu ya kina cha mfereji, gari hilo halina safari mwezi wa Mei, liwe na tairi la aina gani.

Usidhani utaponea kwa tairi kubwa. Tairi la 225/60R17 lina kipenyo cha kama milimita 702. Ukipanda hadi 225/65R17 unafika 724, lakini gari linainuka nusu tu ya tofauti hiyo, yaani milimita 11. Kwa sentimita moja hiyo unapata spidomita inayosoma pungufu kwa asilimia 3 hivi na uwezekano wa tairi kugusa plastiki za ndani usukani ukikatwa wote. Baki na saizi iliyo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva.

Halafu hili la fowili. Fowili inasaidia gari kuondoka na kupanda. Kusimama haisaidii, maana kila gari hufunga breki magurudumu yote manne. Huo mteremko wa kuingia kijitoni ndio utakaokujaribu, na X-Trail ni zito kuliko Probox kwa kilo mia kadhaa. Linashuka na uzito wote huo kwa kutegemea raba peke yake. Anayesema fowili haihitaji tairi anafikiria kupanda tu, na hapo mbele kuna kijito.

Kwangu swali la gari gani ni dhaifu halina uzito. Uliza ni gari gani litakuwa kwenye udongo ule siku ya kliniki mvua ikinyesha tangu usiku. Hilo ndilo lipate matairi, na lingine lisiende kabisa siku hiyo.

FundiMatairi_Makupa

@Dereva_Kaloleni, mawili mbele ndiyo makosa tunayoyaona kila masika, na si vizuri yapite hivihivi.

Probox lisilo na mzigo ni jepesi nyuma. Ukiweka matairi yenye kushika mbele na vipara nyuma, mbele patatii usukani na breki, nyuma patateleza. Kwenye kona ya lami iliyolowa au kwenye mteremko wa udongo, mkia unakuja mbele, na gari likishazunguka hivyo dereva wa kawaida hawezi kulirudisha. Anapunguza mguu kwa hofu, uzito unahamia mbele, mkia unazidi kuwa mwepesi. Sheria ni ileile ya wenzetu wa nchi za theluji: yote manne ya aina moja, ama usiguse. Na kama huna budi kununua mawili ya kawaida kwa gari linalovuta mbele, mapya yanakwenda nyuma.

Tena AT ya rimu 13 ni nadra. Utakachopewa dukani ni tairi la mzigo lenye C au LT na meno yenye kushika kidogo, ambalo ni zuri kwa kubeba lakini matope linayajua nusunusu. Na kwa wanaosoma hapa wakiwa na Probox: angalia bati la modeli. NCP51 inavuta mbele tu, NCP55 ni fowili. Wako watu wana fowili na hawajui.

Kwa X-Trail, chukua AT. Usichukue MT, yale ya matope kabisa. MT yana mapengo makubwa na hujisafisha vizuri, lakini wewe una karibu kilomita 60 za lami mpaka Kilifi kabla hujagusa udongo, na mjini ndiko gari linakoshinda. MT kwenye lami iliyolowa yana raba kidogo inayogusa barabara, yanavuma, na yanaisha upesi. AT ni suluhu kati ya pande mbili. Ukiwa dukani tazama mambo haya: mapengo ya pembeni yawe wazi hadi nje, ili udongo upate pa kutokea, jino la katikati liwe na mifereji ya kutoa maji, ubavu uwe mnene. Ubavu ninautaja kwa sababu njia nyingi za Pwani zina vichwa vya mawe ya matumbawe yaliyozikwa mchangani, na hayo hukata ubavuni, ambako panchari haizibiki.

Na hii ni ya fowili za aina yako hasa: matairi yote manne yawe na mzingo sawa. Difu ya nyuma inaunganishwa na klachi ya umeme, na tairi moja likiwa dogo, klachi hiyo inafanya kazi muda wote kufidia tofauti, inapata joto na kuisha. Njia ya kupima ni rahisi. Jaza upepo sawa, chora mstari wa chaki chini ya tairi na sakafuni, sukuma gari taratibu mpaka mstari urudi chini, pima umbali kwa futi. Saizi yako itakupa karibu sentimita 220. Tairi lililoliwa milimita 4 zaidi ya mwenzake litakuwa fupi kwa sentimita mbili na nusu kila mzunguko. Taa ya 4WD kwenye dashi ikimetameta polepole, mara moja kila sekunde mbili hivi, ndiyo inakulalamikia hilo, kwa hiyo angalia saizi, upepo na uliwaji.

Baada ya kufunga: balansi, alainimenti, nati zikazwe kwa spana ya kipimo karibu Nm 110, kisha zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Mafundi wengi hupiga nati kwa mashine ya upepo hadi zinalia. Huko ndiko boliti zinakokatikia.

Mkaazi_Kisauni

Shukran sana. Nimempigia kaka yangu wa Ganze akapime, na mie nimepima magari hapa. Mfereji mbaya kuliko yote ni sentimita 14. Probox likiwa na watu wanne na magunia mawili lina sentimita 13. X-Trail lina 19 na watu watano.

Bint_Tudor

Basi Probox limekwisha kujibu. Linalalia tuta hata kukiwa kavu. X-Trail, toa 4, zimebaki 15, na mfereji ni 14. Linapita lakini halina akiba, kwa hiyo mwambie kaka atazame mara kwa mara mvua zikianza. Malori yakichimba hadi 17, pitisha magurudumu juu ya tuta na ukingo wa njia, usiyaingize mferejini. Na mzigo mzito usipande siku hiyo.

Mkulima_Bamba

Niongeze upande wa uendeshaji, maana tairi zuri kwa mguu mbaya halifiki.

Geuza swichi ya fowili iwe LOCK kabla ya kuingia kwenye udongo. Ukingoja mpaka gurudumu liteleze umeshachelewa. Mwendo ukizidi, gari lenyewe litarudi AUTO, kwa hiyo nenda pole. VDC, ule mfumo wa kuzuia gari kuteleza, iache ikiwa imewashwa njiani. Izime pale tu gari linapokufa nguvu katikati ya tope, kwa sababu VDC ikiona magurudumu yanateleza hukata nguvu ya injini, na wewe hapo unaihitaji.

Kuhusu upepo. Kibandiko cha Kijapani huandika kPa. Gawanya kwa 6.9 upate PSI, kwa mfano 230 kPa ni kama 33. Penye kichanga kirefu teremsha hadi 22 au 24, tairi litatanuka na kupita juu. Penye udongo wa kunata angalia chini kuna nini: kama ni tope jembamba juu ya udongo mgumu, upepo wa kawaida ni bora, tairi likate hadi chini lishike. Kama ni tope refu lisilo na mwisho, teremsha. Ukiteremsha usizidi kilomita 30 kwa saa, kwepa mawe makali, na jaza kabla ya kurudi lami. Pampu ndogo ya 12V na geji yako mwenyewe ni lazima, usitegemee jicho.

Mteremkoni shuka kwa giya ya chini, mguu mwepesi kwenye breki, usukani umenyooka. Gari likianza kuteleza, achia breki kidogo mpaka magurudumu yazunguke ndipo usukani utii. Mguu huu ni mgumu kujifunza siku yenyewe, kwa hiyo ujaribu penye uwazi mvua ya kwanza ikinyesha.

Ukikwama usizungushe magurudumu zaidi ya sekunde chache. CVT na ile klachi ya nyuma zinapata joto, na taa ya 4WD ikianza kumetameta kwa haraka, simama, acha injini iwe silensa mpaka taa hiyo izimike. Chimba udongo ulio MBELE ya kila gurudumu na ulio chini ya tumbo. Weka makuti au magunia makavu, toka taratibu, na watu wasisimame nyuma. Beba beleshi, kamba ya kuvutia ya tani 5 na kile kitanzi cha kuvutia kinachofungwa kwa kukizungusha kwenye bampa. Kijaribu nyumbani, maana mara nyingi tundu lake limejaa kutu au kitanzi chenyewe hakikuja na gari.

Kijitoni: maji yakizidi nusu ya gurudumu, au yakiwa yanakwenda kwa kasi hata kama ni kidogo, geuza. Maji ya mvua Pwani hupungua haraka. Subirini ukingoni saa mbili tatu. Kliniki itapangwa upya.

Ukifika lami ukasikia usukani unatetemeka, balansi haijaharibika. Ni udongo umekauka ndani ya rimu. Ukoshe kwa maji upande wa ndani, mtetemo utaisha.

Dereva_Kaloleni

Nimeelewa hapo kwa mkia na kwa tuta. Kwa vipimo hivyo nami nasema X-Trail.

Mkaazi_Kisauni

Nimeshika. Maswali ya mwisho, fundi: spea ya X-Trail nayo ni STUDLESS, niiache? Na Probox nilifanyeje?

FundiMatairi_Makupa

Pesa ikiruhusu nunua matano. Isiporuhusu, spea hiyo iache kwa sasa, kwa kuwa ni saizi ileile, lakini ni ya kukufikisha kwa fundi wa panchari tu: swichi isiwe LOCK penye lami, mwendo usizidi 80. Usiisahau pale kwa mwezi mzima.

Manne yanayotoka usimuuzie mwenye gari. Wenye mikokoteni watayachukua, na kwao raba laini haina madhara.

Probox libaki mjini, lakini lisibaki na vipara. Mvua ya Mombasa hujaza barabara maji, na tairi likishashuka chini ya milimita 3 linaanza kuelea juu ya maji hata kabla halijafika alama ya kuisha ya milimita 1.6. Ukipata pesa, weka manne ya C ya saizi iliyo kwenye kibandiko cha mlango, na upepo ufuate kibandiko hichohicho, kwa sababu upepo wa nyuma ukiwa na mzigo si ule wa gari tupu.

Na dukani, kabla hujalipa, soma tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba ya ubavuni, kwenye kila tairi, yote manne, usisome moja ukaridhika. 1825 ni wiki ya 18 ya mwaka 2025. Wakikuchanganyia tarehe zinazopishana miaka, kataa. Ukiona namba hazisomeki au zimesuguliwa, ondoka.